Kupaka rangi vijisanamu vya gemu ukiwa Kigoma, na kutunza vifaa visikufie mkononi

Chupa yangu ya kwanza kufa ilikuwa nyekundu. Nilikuwa nimetumia labda matone kumi tu, nikaiacha dirishani kifuniko hakijakaza, ilikuwa mwezi wa nane na mnajua mwezi wa nane huku Kigoma jua lake lilivyo na ule upepo wa ziwani, baada ya wiki nafungua nakuta kitu kama kandambili iliyochakaa kimekaa ndani. Rangi hiyo ilitoka Dar na treni, zaidi ya kilomita 1,200, imepita Moro, Dodoma, Tabora, imefika salama salmini, afu ikaja kufia dirishani kwangu Mwanga, hapa hapa Kigoma. Siku hiyo ndo nikaelewa kwamba kwenye hii hobi rangi haiishi kwa kupaka, inaisha kwa kukauka. So haya maelezo yanaanza na boksi kabla ya brashi, na kama umekuja kwa ajili ya kupaka tu we vumilia kidogo tutafika.

Kwa ambao hawajui naongelea nini, ni vile vijisanamu vya gemu za mezani, wanajeshi, mazimwi, mashujaa, vya plastiki au rezini (ile kemikali ya majimaji inayomiminwa kwenye kalibu ikagandia humo) au chuma, vingi vina urefu wa kama milimita 28 tu, unavipanga mezani unarusha dadu mnapigana. Gemu maarufu zaidi ni Warhammer ya jamaa wa Games Workshop kule Nottingham, Uingereza, hiyo ipo toka 1983, ila wapo wengi tu wanaocheza vita za historia za kweli. Mi na washkaji zangu watatu tumechagua vita ya hapa hapa nyumbani, ya Ziwa Tanganyika kwenye Vita ya Kwanza ya Dunia, 1915 na 1916, Wajerumani na meli yao Graf von Götzen ambayo ndo hii hii Liemba yetu, na Waingereza waliobeba boti mbili ndogo zilizoitwa Mimi na Toutou kutoka kwao mpaka Cape Town, afu reli, afu wakaziburuza milimani kule Kongo mpaka zikaingia ziwa upande wa Kalemie, na tarehe 26 Desemba 1915 wakaikamata Kingani, meli ndogo ya Mjerumani. Ukisikia historia kama hiyo imetokea kwenye maji unayooga kila Jumapili unashindwaje kuichezea gemu.

Faida ya kuchagua vita moja ni kwamba inakuokoa hela. Vijisanamu vyangu karibu vyote ni askari wa kiafrika wenye kaki, so sihitaji chupa sitini kama wale jamaa wa kwenye video wenye ukuta mzima wa rangi nyuma yao. Nina rangi kumi: nyeusi, nyeupe, kahawia nzito, kahawia ya udongo, kaki, bluu nzito, nyekundu, njano, fedha ya chuma, na chupa moja ya woshi ya kahawia ambayo nitaieleza. Kijani nachanganya njano na nyeusi kidogo, jaribu utashangaa, inatoka kijani ya kijeshi safi kabisa. Mtu anayeanza akaniambia anataka kununua seti ya chupa thelathini namwambia aache, anunue kumi, zingine atazijua shida yake ikifika.

Kuhusu wapi pa kupata. Rangi za akriliki (zile za kuchanganya na maji) za wanafunzi, za tyubu, utazipata kwenye maduka ya steshenari, ukikosa mjini hapa agiza kwa mtu anayekuja na treni. Hizo chembe zake ni kubwa kidogo, kwenye vitako vya vijisanamu (kile kibao wanachosimamia), nyumba, milima na boti zinatosha sana ila kwenye uso wa mtu mwenye kichwa kama punje ya mahindi zinajaza macho na mdomo. Kwa uso na nguo nunua zile zenyewe za modeli, kama Vallejo za Hispania ambazo zinakuja kwenye chupa ya matone ya mililita 17 au 18, au Citadel ambazo ni kopo la mililita 12 la kufungua mfuniko. Mi nasema wazi nachagua chupa ya matone, hasa kwa joto letu, kwa sababu unatoa tone unafunga, kopo linakaa mdomo wazi muda wote unapaka na maji yanaondoka humo. Bei ya chupa moja ni sahani kadhaa za ugali na mgebuka, so usicheze nayo.

Ambazo hazifai: rangi ya mafuta ya kupakia milango, hiyo inakauka polepole na inaficha kila kitu, na rangi ya kucha, hiyo ina kemikali inaweza kulainisha plastiki. Najua dada yako anazo rangi nzuri nzuri. Achana nazo.

Sasa boksi. Nenda hadwea nunua lile sanduku la plastiki la fundi lenye trei ya juu inayotoka, saizi ya kati, usinunue kubwa kwa sababu kubwa litajazwa vitu vya nyumbani, utakuta misumari, betri za rimoti na chaja za simu zilizokufa. Chini zinakaa chupa zimesimama, na zisidondoke unakata boksi la katoni unatengeneza vyumba kama vile vya kreti ya soda. Trei ya juu inakaa brashi, wembe, msasa, vijiti vya meno, supaglu. Nilijaribu trei ya mayai kwa chupa, haikufaa, chupa ni nyembamba zinalala kama walevi, ila trei hiyo usiitupe tutaitumia baadae.

Kwenye kila kifuniko weka tone la rangi yenyewe, juu kabisa, ikauke. Sababu ni kwamba ukifungua sanduku unaona vifuniko tu, huoni chupa, na vifuniko vya Vallejo vyote vinafanana, utakuwa unanyanyua chupa moja moja kama mtu anayetafuta dawa usiku. Jina la rangi na mwezi ulioifungua andika ubavuni na makapeni, afu bandika selotepu juu yake la sivyo vidole vyenye maji vitafuta.

Kama una makopo ya kufungua, kabla hujafunga futa ule mdomo wa kopo na kitambaa chenye unyevu. Hapa ndo wengi wanapokosea, rangi inakauka kwenye ukingo inatengeneza kigaga, kesho mfuniko haukai sawa, hewa inapita, keshokutwa msiba. Ni sekunde tano tu. Na kama kopo lina dalili ya kuwa zito ongeza matone mawili ya maji safi, tikisa, liache usiku mzima, usisubiri mpaka iwe uji wa kugeuza kwa mwiko. Ikishakauka kabisa akriliki hairudi, usidanganywe na mtu wa maji ya moto. Ikinuka kama maji ya bwawa imeoza, tupa.

Rangi inatulia, chembe zinashuka chini maji yanabaki juu, so kila chupa inataka kitu ndani cha kuikoroga ukitikisa. Mimi kwa ujanja wangu nikatoa gololi kwenye bearing ya baiskeli, nikatia moja moja kwenye chupa zote. Miezi mitatu baadae nyeupe yangu imekuwa rangi ya chai ya maziwa, kumbe gololi zile ni chuma cha kawaida zimeshika kutu humo ndani. Chupa zote zile nilizimwaga kwenye sahani nikachuja na soksi ya nailoni, kazi ya Jumamosi nzima, mke wangu ananiangalia tu hasemi kitu, na kule kutosema kulikuwa kubaya kuliko kusema. Sahivi natumia shanga za kioo, mbili kila chupa. Shanga za kioo hazishiki kutu, hazitoi rangi, na bei yake sio ya kuulizia mara mbili. Hakikisha tu ni kioo, maana za plastiki ni nyepesi na baadhi zinachuja rangi.

Sanduku likae wapi? Chini ya kitanda. Sio dirishani, sio juu ya kabati karibu na bati, huko mchana ni oveni. Na friji hapana pia, rangi ya akriliki ikiganda barafu inakatika kama maziwa yaliyochacha.

Kuna kitu kingine ambacho watu hawakiweki kwenye boksi na ndo muhimu, daftari. Mi naliita daftari la mapishi. Kila kikosi ninachopaka naandika: kaki matone matatu, nyeupe moja, woshi mara moja, brashi kavu (nayo nitaieleza) na kaki yenye nyeupe nusu kwa nusu. Maana leo unapaka askari watano, mvua inaanza, unapata safari ya Kasulu, unarudi baada ya miezi miwili kupaka watano wengine na hukumbuki uliichanganya vipi ile kaki, matokeo yake una jeshi la nchi mbili. Na vile ambavyo havijaisha naviweka kwenye kopo la aiskrimu lenye mfuniko, kopo moja kwa kikosi kimoja, humo humo karatasi ya mapishi yake na mikono iliyobaki na bunduki zilizokatika. Nyumbani yanaitwa makopo ya viporo.

Brashi. Nunua tatu tu, namba 2, namba 1 na namba 0, na usiingie mtego wa kununua ile yenye nywele tatu ukidhani ndo ya macho, nywele tatu hazibebi rangi, inakaukia kabla haijafika usoni. Kinachotakiwa ni ncha kali, sio udogo. Rangi isipande zaidi ya nusu ya nywele, ikifika kwenye lile bati linaloshika nywele inakaukia ndani na kuzitawanya, brashi inakuwa ufagio. Usiiache imesimama kwenye kikombe cha maji kichwa chini, ncha inapinda. Ukimaliza osha, zungusha polepole kwenye sabuni ya mche, suuza, afu chukua sabuni kidogo tena ichonge ncha kwa vidole ikauke hivyo hivyo na sabuni yake, siku ya kupaka unaisuuza. Wajerumani wenyewe 1916 walipoamua kuizamisha Götzen isichukuliwe, mafundi waliipaka mitambo yake grisi kwanza, meli ikazama, Waingereza wakaja kuiibua 1924, na 1927 ikaanza kazi tena kwa jina la Liemba. Yaani wanaizamisha na bado wanaitunza. We brashi unashindwa kuipaka sabuni.

Haya tupake.

Kwanza osha kijisanamu kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo na mswaki wa zamani, hasa kama ni rezini, kwa sababu kwenye kalibu wanatia mafuta ili kitu kitoke kirahisi na mafuta hayo yanakataa rangi. Wacha kikauke. Afu tafuta mshono wa kalibu, ule mstari mwembamba unaopita ubavuni mpaka kichwani, uparue kwa mgongo wa wembe, sio makali, mgongo. Usipouona sasa utauona baada ya kupaka, na utakuwa unapita katikati ya paji la uso kama kovu la kisu. Kama ni rezini na unatumia msasa, loanisha kwanza ili vumbi lake usilivute, lile sio zuri kwa mapafu.

Gundi inategemea. Plastiki ngumu ya fremu ina gundi yake ya plastiki inayoyeyusha pande mbili zinakuwa kitu kimoja. Rezini na chuma ni supaglu, ile ile ya kwenye kadi unayonunua dukani, tone dogo, watu wanajaza wakidhani nyingi ndo inashika, nyingi ndo haishiki. Supaglu ukishafungua weka kwenye kichupa chenye kifuniko pamoja na vile vipakiti vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya, itadumu.

Kisha kibandike juu ya kizibo cha soda kwa selotepu ya pande mbili, na kizibo ukibandike juu ya kichupa kitupu cha vidonge. Hapo umepata mshikio, kidole hakigusi rangi. Na hapa ndo ile trei ya mayai inarudi, vizibo vinatulia vizuri kwenye mashimo yake, unapanga askari thelathini wanakauka bila kugusana.

Praima, yaani tabaka la kwanza la kushikisha rangi. Bila praima rangi itabanduka siku ya kwanza ya gemu, hili halina mjadala. Kama una spreyi, tikisa kopo dakika mbili nzima, simama umbali wa sentimita 20 mpaka 30, pitisha haraka haraka, anzia nje ya kijisanamu malizia nje, tabaka jembamba, subiri, geuza, rudia. Shida ya huku ni hali ya hewa. Kiangazi vumbi jekundu linaruka, likitua kwenye praima mbichi umepata askari mwenye ukurutu, na masika unyevu unafanya spreyi itoke na ukungu au chenga. Mi napiga asubuhi kama saa mbili hivi, umande umeshapotea na upepo haujaanza, ndani ya boksi la katoni lililolazwa, nje ya nyumba, barakoa usoni. Msimu wa mvua naacha kabisa spreyi natumia praima ya kupaka kwa brashi, inachukua muda ila haijawahi kuniangusha. Na tafadhali, spreyi usiipige kwenye lile foma jeupe linalokuja na tv, nilitengeneza mlima mzuri sana wa Bangwe kwa foma hilo, siku mbili za kuchonga, nikaupiga spreyi nyeusi, nikawa nautazama unayeyuka kama siagi. Foma pakaza kwanza gundi nyeupe ya mbao iliyochanganywa na rangi nyeusi, mara mbili, izibe kila tundu.

Ujanja unaonipa raha ni huu, piga nyeusi kila mahali, ikikauka piga nyeupe au kijivu kidogo kutoka juu tu, kama jua la saa sita linavyopiga. Kivuli na mwanga umeshajichora vyenyewe na rangi ukiipaka nyepesi inafuata hapo hapo.

Kabla ya rangi tengeneza paleti ya maji, bila hiyo kwa joto letu tone linakauka kabla hujajikuna. Kontena bapa la chakula lenye mfuniko, ndani sponji bapa au tishu zilizokunjwa, mimina maji mpaka vilowe visielee, juu weka karatasi ya kuokea keki. Rangi inakaa juu ya karatasi, maji yanapanda polepole kutoka chini, ukifunga mfuniko kesho bado mbichi. Karatasi ya daftari hapana, inalowa na kuchanika, na ya nailoni haipitishi maji kabisa. Badilisha maji kila baada ya siku chache maana inaota ukungu.

Rangi ichanganye na maji iwe kama maziwa, sio kama uji. Jaribu kwenye kucha ya dole gumba, ikiteleza na kujaza mifereji ipo nyepesi mno, ikiacha alama za brashi ni nzito. Tabaka mbili nyepesi zinashinda moja nene siku zote, na ya kwanza itaonekana mbaya, ina mabaka, usipaniki, ndo ilivyo.

Sasa ngozi, na hapa nataka nikae kidogo kwa sababu maelekezo mengi ya mtandaoni yamepikwa kwa ajili ya nyuso za kizungu, anakwambia mwanga ongeza nyeupe. Mtu mweusi ukimuongezea nyeupe anapauka, anakuwa kijivu kama mtoto aliyetoka kuoga ziwani hajapakwa mafuta. Nilipaka askari kumi hivyo, nikawapanga mezani, mjomba wangu akapita akaangalia akasema "hawa wamekufa lini?" Nikawarudia wote. Njia yangu ya sasa: chini kahawia nzito yenye tone la bluu nzito, hiyo ni kwa kivuli, uso mzima. Ikikauka, kahawia nzito peke yake kwenye sehemu zilizonyanyuka, mashavu, pua, paji, kidevu, masikio. Afu mwanga unachanganya kahawia nzito na kahawia ya udongo, ongeza njano kidogo na nyekundu kidogo zaidi, unapata kitu kama rangi ya chungwa iliyoungua, hiyo gusa tu juu ya pua, mfupa wa shavu, vifundo vya vidole. Mwisho kabisa nukta moja ndogo ya mchanganyiko huo huo uliotiwa njano zaidi. Nyeupe sigusi. Viganja na midomo ya chini ipe kahawia ya udongo yenye wekundu. Na usiwapake wote sawa, angalia watu kwenye foleni ya soko la Mwanga, yupo maji ya kunde, yupo mweusi tii, yupo wa katikati, kikosi kikiwa na rangi tatu za ngozi kinapata uhai.

Macho, kama unatetemeka yaache, kivuli cha kofia kinatosha. Ukitaka kuyapaka usitumie nyeupe tupu wataonekana wameona chatu, itie kahawia kidogo, paka mstari, afu chovya kijiti cha meno kwenye nyeusi gusa katikati. Ukikosea, futa haraka na brashi yenye maji.

Nguo za askari wa Mjerumani ni kaki juu mpaka chini, tarbushi iliyofunikwa kitambaa cha kaki, na miguuni vile vitambaa vya kuzungushia toka kifundo mpaka chini ya goti, mimi navipaka bluu iliyofifia. Mkanda na pochi za risasi kahawia ya udongo, bunduki mti wa kahawia na chuma cha fedha kilichotiwa nyeusi maana fedha tupu inang'aa kama sufuria ya harusi. Kaki chagua mchana, karibu na mlango. Chini ya balbu ya njano nilichanganya kaki nikaridhika kabisa, asubuhi nakuta nimepaka jeshi la haradali. Usiku natumia taa ya LED nyeupe ya kuchaji, inasaidia pia umeme ukikata katikati ya jicho.

Woshi ni rangi nyepesi sana inayoteleza na kukaa kwenye mikunjo, ndo inafanya nguo ionekane nguo. Ukikosa ya dukani changanya kahawia nzito na maji mengi na ncha ya kijiti cha sabuni ya maji ya vyombo, sabuni inafanya isijikusanye matone. Paka kila mahali kwenye kaki, na panapotuama dimbwi linyonye kwa brashi kavu, usiache likauke litaacha duara kama la kikombe mezani. Subiri mpaka ikauke kweli, nenda kale.

Baada ya woshi kila kitu kimekuwa cheusi na umekata tamaa, sasa ndo unachukua brashi kavu. Nenda duka la vipodozi nunua brashi laini ya meikapu ya duara, ya bei ya chini, chovya ncha kwenye kaki iliyotiwa nyeupe, afu ifute kwenye kitambaa mpaka udhani hamna kitu tena, kisha sugua juu juu ya kijisanamu. Kingo zote zinawaka. Wanangu wakubwa wa miaka tisa wanaweza hili na wanalifanya vizuri kuliko mimi kwa sababu hawana haraka ya kumaliza.

Kitako. Mchanga wa ufukweni Kibirizi uoshe, uanike, upitishe kwenye chujio la chai, pakaza gundi ya mbao, zamisha, kung'uta. Paka kahawia ya udongo, brashi kavu na njano iliyopauka, tayari umepata ardhi ya Kigoma. Majani ya chai yaliyokwishanywewa yakikauka ni majani makavu ya msituni kabisa. Kwa nyasi natumia nyuzi za mchikichi zinazobaki wakishakamua mawese, zinafanana sana na nyasi za kiangazi, ila zichemshe na sabuni mara mbili, mi za kwanza nilibandika vilevile na mafuta yake, gundi ikakataa na kitako kikanuka mboga wiki nzima. Chandarua cha zamani kata kipande, paka kahawia, tupia kwenye boti, huo ni wavu wa dagaa.

Halafu vanishi isiyong'aa, ya kupaka au spreyi, spreyi tena isiwe siku ya mvua, ukungu mweupe utakaa juu ya kazi ya wiki tatu. Kwa ngozi mimi baada ya vanishi hiyo nagusa paji na mashavu na vanishi inayong'aa iliyotiwa maji, kidogo mno, jasho hilo.

Kubeba. Gemu tunachezea Ujiji kwa mshkaji, mimi natoka Mwanga na bodaboda, na ile barabara mnaijua. Zamani nilikuwa nawafunga kwenye tishu, nikifika nusu hawana bunduki. Sasa nimekwenda kwa fundi bati nikaomba kipande, nikamwambia "fundi naomba hako kakipande", akauliza ka nini, nikasema ka wanajeshi, akanipa bila swali la pili. Kiwe bati la chuma, la alumini sumaku haishiki. Nimelibandika chini ya kontena la plastiki la chakula, kingo nimezipiga tepu zisikate mkono, na chini ya kila kitako nimegundisha kisumaku. Vinapatikana kwenye spika ndogo za simu na hedifoni zilizokufa, muombe fundi simu anazo kopo zima. Juzi nimefika Ujiji, nafungua, ishirini na tatu wamesimama wima, na mpiga tarumbeta peke yake kalala kifudifudi, huyo nilimpa sumaku ya hedifoni ya upande mmoja ambayo hata ilipokuwa nzima ilikuwa haisikiki vizuri.